Besi ya Korona Jazz

Kwa mwaka mmoja na miezi saba, nyumbani kwetu Masuguru tulikula mkekani na meza tunayo. Meza ya mninga, ya watu sita, niliyopewa na kaka zangu nilipoolewa. Juu yake lilikuwa limelala gitaa. Nasema limelala kwa sababu lilitandikiwa: chini blanketi la watoto, juu kipande cha doti yangu ya khanga, ambacho mpaka leo kina doa la gundi katikati ya maneno. Mtu akitaka kujua hasira zangu zilianzia wapi, aanzie hapo.

Jina langu Mashavu, kazi yangu kushona. Mume wangu, Mhina, ni fundi wa redio na vipaza sauti, ana kibanda karibu na stendi ya Korogwe. Sitamsingizia: ni fundi kweli. Spika za msikiti zikikoroma anaitwa, za kanisa zikinyamaza anaitwa. Lakini ana ugonjwa mmoja. Mwenye sabufa anaambiwa njoo kesho. Mwenye gitaa la besi la umeme, la zamani, lenye kutu na nyufa, anapokelewa papo hapo na kuvutiwa kiti. Alishafufua mawili kabla ya hili. Akimaliza huliunganisha kwenye spika, hufumba macho, hupiga taratibu mpaka vikombe vyangu vinagongana kabatini, na sura yake huwa ya mtu aliyeshiba. Siku hizo hata mimi nilikuwa nacheza huku nasonga ugali. Hili la tatu ndilo lililotutesa.

Lilikuwa la Mzee Kibwana wa Old Korogwe. Ujanani alikuwa mpiga besi wa Korona Jazz, bendi ya vibarua wa shamba la mkonge. Korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge, na wao walijiita hivyo miaka mingi kabla ugonjwa haujalichukua jina. Ukimtania mzee juu ya hilo hakupi hata maji ya kunywa. Bendi ilikufa, kiwanda kikafungwa, gitaa likabaki limeegemea ukuta nyuma ya mlango wa chumba chake miaka arobaini.

"Lichukue ulitengeneze," alimwambia Mhina. "Siku likitoa sauti yake, nitalipiga wimbo mmoja nilisikie, kisha litakuwa lako." Halafu akatunyooshea mikono tuione. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kukunjika. "Ila usikae nalo sana, mwanangu. Hivi havinisubiri."

Mhina akaahidi miezi mitatu. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Shingo ya gitaa peke yake ilikula miwili. Ilikuwa imepinda kwa kuegemezwa, akaifukiza kwa mvuke wa sufuria yangu, akaibana kati ya mbao, ikakaa hapo isiguswe na mtu. Skrubu zilizopinda alizinyoosha kibandani, moja moja, juu ya kile kipande cha reli anachogongea kila kitu. Kisha ikaja ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Waya wake ulikuwa umekatika ndani, na mpya hapa kwetu haipatikani, kwa hiyo ilibidi izungushiwe waya upya, mizunguko elfu nane, kwa waya mwembamba kuliko unywele alioufumua kwenye transfoma za redio mbovu. Na mizunguko elfu nane utaizungusha na nini? Cherehani ya mkeo. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Akaifunga ile sumaku kwenye gurudumu, akawa anazungusha kwa mkono na kuhesabu kwa sauti, haruhusiwi mtu kumsemesha. Alipofika elfu tano na mia tatu, binti yetu Shamsia akaingia kutoka shule.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia Mhina, kwa sababu shikamoo haiachwi hewani. Mkono ukateleza, waya ukakatika, hesabu ikapotea. Akaanza moja.

Nyuzi ziliagizwa Dar zishushwe Segera. Akazifuata, akakuta ni za gitaa la kawaida. Zikaagizwa nyingine, basi likapita nazo mpaka Arusha, zikakaa huko wiki nzima zikila upepo. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nilikuwa sijaonja hata mbichi.

Mwezi wa nane tangu tulichukue gitaa, tukaenda Old Korogwe. Gitaa lilikuwa linang'aa. Mhina akafungua programu ya kupimia nyuzi kwenye simu, akakaza nyuzi zote nne mpaka taa ya kwenye simu ikawa kijani kwa kila mmoja, akapiga. Mimi nilisikia utamu mtupu. Mzee Kibwana aliinama, akasogeza sikio karibu na mbao, akasikiliza muda mrefu.

"Zuri," akasema. "Lakini siyo lenyewe."

"Siyo lenyewe vipi, mzee?"

"Siyo lenyewe tu. Langu nalijua."

Mhina akabadilisha nyuzi, akaweka zile laini zisizokwaruza, kama walizotumia zamani. Mwezi wa kumi na moja tukarudi. Siyo lenyewe. Akafumua ile sumaku, akaizungushia waya kwa mara ya tatu, sare zangu zikachelewa tena na wazazi wa watoto wakanitolea maneno. Nilimwambia mume wangu kwamba mzee anatuchezea, gitaa hataki kulitoa, anatafuta sababu. Yeye alikuwa anaangalia ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi, uliokuwa umekatika mkononi mwake.

Kwa mama yangu ni Handeni, na kule Mhina alikuwa amesikia habari za Lengai, mtoto wa wafugaji anayepiga besi kwenye kwaya ya kanisa lao nje ya mji. Tukaenda wote. Lengai alikuwa na gitaa bovu lisilofufulika, akatupa funguo zake nne, na Mhina akawatengenezea amplifaya yao. Walipokuwa wanakaza pamoja nyuzi za gitaa la mzee, Mhina akimsimulia habari za Korona Jazz, Lengai akauliza swali ambalo mimi nililisikia na mume wangu hakulisikia.

"Sisi hapa tunafuata kinanda," alisema. "Hao wazee wenu walikuwa wanafuata nini?"

"Siku hizi ni simu tu, bwana," Mhina akamwonyesha. "Taa ikiwa kijani, umefika."

Mara ya tatu, mwezi wa kumi na saba, mzee aliomba gitaa alipakate mwenyewe. Akaweka kidole cha kushoto kwenye uzi, akakandamiza. Kidole kikateleza, uzi ukalia vibaya. Akajaribu tena, kikateleza tena. Akasema nyuzi zimekaza, na tena siyo lenyewe, akaturudishia gitaa na kuificha mikono chini ya shuka lake. Tulipofika nyumbani Mhina akalilaza gitaa, akalifunika, akakaa.

"Mama Shamsia," akasema, "mimi si fundi."

Niliumia. Nimemtukana yule mwanamume kwa meza, kwa cherehani, kwa sufuria, lakini ufundi wake sijawahi kuugusa, na hakuna mwingine aliyewahi kuugusa. Siku iliyofuata hakwenda kibandani, na iliyofuata hakwenda. Baada ya mwezi wa kumwona akifungua kibanda akitaka na akifunga akitaka, nikajitanda khanga nikaenda Old Korogwe peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mhina yuko wapi?"

"Amekaa tu nyumbani, anaangalia ukuta." Nikavua viatu, nikakaa barazani, nikayamwaga yote. Meza, sare, Segera, funguo. Nikasema kama gitaa hataki kulitoa aseme, asimfanye mume wangu mpumbavu. Sauti ilinipanda mbele ya mtu mzima, na najua ni vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hakukasirika. Muda wote niliokuwa nasema alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati lake, kifungo kimoja, na mpaka nilipomaliza kilikuwa hakijaingia.

"Unadhani mimi sitaki?" akaniuliza.

Nikaona aibu. Nikamfunga kile kifungo, na nilipokuwa nimeinama pale, swali la Lengai likanirudia.

"Mzee, mlipokuwa mnakaza nyuzi, mlikuwa mnafuata nini?"

"Chuma," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Chuma gani?"

"Cha zamu. Kipande cha reli, kilikuwa kinaning'inia pale korona. Kikigongwa asubuhi watu wanaingia, kikigongwa jioni wanatoka. Hatukuwa na kinanda wala tarumbeta ya kututia adabu. Nasimama chini yake, nakaza uzi wa pili mpaka unalingana nacho, na magitaa mengine yananifuata mimi."

"Na Mhina hukumwambia?"

"Hakuniuliza. Wewe ukimfundisha mtu kushona, unamwambia sindano ina tundu?"

Kuuliza si ujinga, tuliimbishwa hivyo shuleni. Na hapa fundi mzima alikuwa anaiuliza simu badala ya mwenye gitaa, na mwenye gitaa alikuwa haoni kitu cha kueleza. Mwaka na nusu wa maisha yangu uliliwa na hao wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nilitamani kulia.

"Hicho chuma kiko wapi sasa?"

"Kiwanda kilipofungwa vyuma vyote viliuzwa kwa kilo. Kilikuwa na tundu upande mmoja, na pembeni ya tundu namba tisa, imechongwa kwa patasi."

Nikasimama. Namba tisa hiyo naijua. Iliwahi kuniangukia kwenye kidole gumba cha mguu, ndani ya kibanda cha mume wangu, na ukucha ukaota upya.

Nilimkokota Mhina mpaka kibandani. Kile kipande cha reli alikinunua miaka kumi na moja iliyopita, kwa mtu wa vyuma chakavu, kwa ajili ya kugongea. Akakigeuza, akaiona namba tisa, akakaa chini kwenye vumbi.

"Skrubu zake nimezinyoosha juu ya hiki hiki," akasema.

Hakikuwahi kutuambia kitu, kwa sababu chuma kilicholala juu ya gogo hakiimbi. Ukikigonga kinasema ko, ko, basi. Tukakipakia kwenye bodaboda, mimi nikapanda nyingine na gitaa, na dereva wangu akaniuliza kama tunahama.

Mhina alikifunga kwa waya kwenye boriti ya baraza la Mzee Kibwana. Akachukua nyundo, akagonga mara moja. Sauti ikatoka ndefu, nzito, ikakaa hewani mpaka majirani wakachungulia. Mzee alikuwa kwenye kiti. Kabla haijakatika alishasimama, ameshika ukuta, mguu mmoja mbele. Nadhani mwili wake ulikuwa unakwenda zamu.

"Gonga tena," akasema. "Shusha uzi wa pili. Shusha. Bado. Shusha."

Taa ya simu ikawa nyekundu. Nikaichukua ile simu nikaitia mkobani. Uzi ulishuka, ukashuka, karibu ngazi nzima ya sauti, mpaka ukakutana na chuma na vyote viwili vikawa kitu kimoja. Mhina akashusha na mingine mitatu kuufuata, akapiga.

Mzee Kibwana hakuinama kusikiliza. "Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe. Lete."

Nyuzi zilizoshushwa zinalegea. Hilo hata Mhina, na ufundi wake wote, hakuwa amelifikiria. Kidole kilichoshindwa mwezi uliopita kikakandamiza, uzi ukakubali. Vidole viwili tu vilifanya kazi, vingine vilikaa vimekunjwa pembeni, lakini viwili vile vilikuwa vinajua vinakokwenda. Alipiga mzunguko mfupi wa besi, akaurudia, akaurudia. Alikuwa anakosea sana. Akikosea ananyamaza kidogo, anarudi mwanzo. Mhina alikaa sakafuni, mdomo wazi, na mimi nilijifuta macho kwa khanga bila kujificha.

Chai ikaletwa, ikanywewa. Mzee anapiga. Adhana ya alasiri ikaita, akaweka gitaa, akaenda kuswali, akarudi, akalichukua tena. Nikamkanyaga Mhina mguu: muda wa kupewa chetu umefika. Mhina akainuka, akakusanya bisibisi zake, akaning'iniza mfuko begani.

"Mzee, tutapita Ijumaa kuangalia nyuzi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, macho kafumba. Tukatoka mikono mitupu. Hata reli tuliiacha.

Sikuvumilia hata kufika barabarani. "Umeliacha? Mwaka na miezi saba, baba Shamsia! Alisema litakuwa lako. Mimi shahidi!"

"Alisema atapiga wimbo mmoja kwanza," Mhina akanijibu. "Hajaumaliza."

Nyumbani nilikunja blanketi, nikaifuta meza yangu kwa maji na sabuni, nikaandaa ugali na dagaa juu yake kama watu wengine. Nilipogeuka, Mhina alishakaa mkekani na amenawa, anasubiri. Hasira zikanipanda upya. Kisha nikashusha sahani moja moja, nikakaa naye pale chini.