Mlezi wa Vijitumbo

Kazini walimwita Mama Vijitumbo, na jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Alilea seli za utumbo mwembamba kwenye visahani vya maabara. Akiletewa kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele, kutoka ndani ya mgonjwa, alikisafisha na kukiweka kwenye kabati la joto, mpaka seli zikajikunja kuwa vifuko vidogo vyenye uhai. Kila asubuhi alivisalimia kabla ya kuwasalimia watu. Watu walinuna, wakazoea.

Vifuko hivyo aliviwekea vichocheo vya ukuaji, ambavyo maabara nzima iliviita maziwa. Tumboni mwa mtu, vichocheo vinakaa kwenye vishimo vya ukuta wa utumbo, na kazi yao ni kuziambia seli changa zizaliane. Seli ikisukumwa juu na wenzake, ikawa mbali na shimo, ile sauti inafifia, nayo inashika kazi: hii kufyonza chakula, ile kutoa ute. Kwenye kisahani sauti ilikuwa mkono wa Mama Vijitumbo. Akitia maziwa, zinazaliana, akiacha, zinakomaa.

Kuacha ndiko kulikomshinda siku zote. Mumewe, fundi viatu asiye na siri, aliwaambia wageni kwamba kitinda mimba wao alinyonya mpaka akawa anaomba ziwa kwa sentensi nzima.

Safari hii vijitumbo vilitoka kwa binti mdogo aliyelazwa wodi ya watoto. Chakula hakikukaa tumboni mwake, akawa anaishi kwa dripu. Dawa zilikuwa mbili, zote kali, na daktari alitaka kuzijaribu kwanza kwenye seli za mtoto mwenyewe, zilizokomaa. Seli changa zisingemwambia kitu. Mama wa mtoto, kila alipokutana na Mama Vijitumbo kwenye korido, aliuliza, "Dada, tumbo la mwanangu linaendeleaje huko?"

Siku ya kuacha maziwa ilipofika, akaacha. Kesho yake alichungulia kwenye hadubini, akakuta vifuko vimenywea, kuta zimekuwa nzito na giza. Roho ikamruka.

"Jamani, mnataka kuniumbua?" akasema, akachukua pipeti, akavitia tone. Siku iliyofuata, tone jingine. Vikanawiri, mviringo, vinang'aa, naye akatembea siku nzima akijichekea.

Daktari alipozipima hakuona hata seli moja yenye kufyonza. Zote vichanga.

"Ulizipa maziwa?"

"Zilikuwa zinakonda, daktari."

Daktari akavua miwani. "Zilikuwa zinakua."

Hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma. Kwenye friza ulibaki mrija mmoja tu wa seli za mtoto yule, na kumkata tena kwa hali aliyokuwa nayo hakukuwezekana. Kwenye korido mama mtu akauliza swali lake lile lile.

"Nimelidekeza, mdogo wangu," akamjibu. "Limeharibika. Tunaanza upya, na mara hii tukikosea hatuna jingine."

Mama yule akakaa kwenye benchi.

Mama Vijitumbo akalea upya. Siku ya kuacha ilipofika alifunga maziwa kwenye friji na kumkabidhi daktari ufunguo. Vifuko vikanywea, vingine vikafa. Alikaa mbele ya hadubini, mikono kaikalia kama mtoto aliyeadhibiwa, machozi yanamtiririka hadi kwenye barakoa. Akavumilia. Kisha kuta zikajikunja, na seli zikaota ukingo wa manyoya mafupi, ule wa kufyonzea chakula. Daktari akajaribu dawa zake. Moja iliziua seli. Nyingine zikaipokea.

Alimkuta mama mtu pale pale kwenye benchi.

"Limeacha ziwa," akamwambia. "Dawa imepatikana. Leo wanaanza kumpa."

Mama mtu akamshika mkono wa koti, akacheka. "Lililia sana?"

"Wala. Niliyelia ni mimi."