Mafungu ya Mwalimu Elinipa

Mwalimu Elinipa alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Alihamishiwa Ujiji kutoka milima ya Upare, na mwaka wa pili huu bado alikuwa akisimama kwenye dirisha la maktaba ya shule, ziwa limetulia kule chini, milima ya Kongo inaonekana na kupotea, na mawazo yake yako huko huko. Chumba kilikuwa na vitabu mia mbili bila msomaji hata mmoja. Kidato cha pili kilikimbia vitabu kama vidonge vya klorokwini.

"Mwalimu, kinene hicho!" mwanafunzi wake Samson alimwambia siku moja alipomnyooshea kitabu, na darasa zima likaangua kicheko.

Mkuu wa shule, Mwalimu Urbanus, hakuwa na kicheko. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na boti zilishusha wakimbizi kila kukicha. "Watu hawana pa kujisitiri, wewe unatunza vumbi," alimwambia. "Nisipoona majina kwenye daftari la kuazima hadi mwisho wa mwezi, hicho chumba nawapa wao." Elinipa aliumia, tena aliumia zaidi kwa kuwa yule bwana alisema kweli.

Jumamosi alikwenda sokoni. Lundo la dagaa la Mama Eufrasia lilikuwa limekaa tangu asubuhi, watu wanalitazama na kupita. Mama akaligawa mafungu madogo madogo juu ya gunia. Lo! Hajamaliza hata kupanga, wanunuzi wamemzonga. Elinipa aliduwaa pale juani mpaka akaulizwa, "Mwalimu, unanunua au unanitazama tu?"

Basi akafanya jambo ambalo mtunza vitabu mwenye akili zake hafanyi. Alichukua wembe, akakipasua kile kitabu kinene, hadithi ya mauaji kwenye shamba la michikichi, akakifanya mafungu kumi na mawili na kuyashona kwa uzi wa nguo. Jumatatu akagawa, kila dawati fungu lake. Ukimaliza, mtafute mwenye linalokufaa.

Rozalia aliangukia katikati, akakuta mtu ameshakufa na muuaji hajulikani. Alisumbua madawati yote siku nzima. Samson, huyo huyo, alilifuata fungu la nne kwa miguu hadi Rusimbi, nyumbani kwa aliyekuwa nalo. Wiki ya tatu wakaanza kugonga mlango wa maktaba wenyewe, wakitaka kingine.

Siku ya mwisho wa mwezi Mwalimu Urbanus alifunua daftari, akasoma majina, akakubali. "Haya, chumba ni chako."

Mchana ule ule boti nyingine ilifika. Akina mama na watoto, nguo zimelowa, walikuja kuketi chini ya upenu wa shule. Elinipa aliwatazama. Alikuwa amekipigania chumba kile kwa moyo wake wote, na sasa hakuweza kukitazama bila aibu. Akafungua mlango wote.

"Waingie, Mkuu."

"Na vitabu utavipeleka wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Kabla hajajibu, Samson alikuwa amekumbatia rundo hadi kidevuni. "Mwalimu, niandike mimi sita."

"Mimi nane!" Rozalia akadakia. Foleni ikafika hadi uwanjani. Elinipa aliandika majina huku machozi yakimdondokea karatasini, na hakujisumbua kuyafuta. Kufikia alasiri mbao zote za rafu zilikuwa tupu, na mama mmoja kutoka ng'ambo alitandika kanga kwenye ubao wa chini, akamlaza mwanawe.