Njuga Zilizozibwa Majani

Yule mbwa jike mwekundu ndiye aliyepanda wa kwanza. Sisi tulikuwa bado ufukweni mwa mji wa Baraka, tunabishana nani abebe sufuria, yeye akaruka, akaenda kukaa mbele kabisa kwenye pua ya boti, kama vile boti ni ya baba yake. Dume, mweusi mwenye miguu myeupe, alibebwa kama gunia la muhogo, akitetemeka.

Boti ilikuwa ya shemeki, shemeji yangu. Mke wake ni wa ukoo wetu, kwa hiyo nilimwita yaya, dada mkubwa, na kwao ndiko nilikolala kila nilipochoka kuzunguka. Vita ilikuwa haijaisha, lakini majuma yale bunduki zilikuwa zimehamia milima ya mbali, na ziwa likabaki letu. Shemeki alifukua mota aliyokuwa ameizika nyuma ya choo, akaipangusa, akavuta kamba. Ikakohoa, ikawaka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Tunaenda Swima," alisema, "lakini polepole. Hii mota ni mugonjwa, imetoka hospitali leo."

Safari yenyewe ilikuwa ya yaya. Baba yake, mwindaji, alikimbilia ng'ambo ya ziwa vita ilipoingia, akamwachia binti yake mbwa wake wawili. Sasa alikuwa amerudi kijijini kwake Swima, akakuta nyumba haina mlango, akatuma neno: Jumamosi anapanda boti ya wafanyabiashara, anarudi kambini Tanzania, na safari hii ndiyo ya mwisho. Hapa hakuna kitu chake tena.

Yaya hakulia. Alisema tu, "Kuko vitu yake mbili hapa kwangu, na zinamalizaka samaki yangu kila siku."

Shingoni kila mbwa alivaa njuga ya mti, kubwa kama ngumi. Mbwa wetu wa kuwinda hawabweki. Njuga ndiyo inayomwambia mwindaji wako wapi porini. Mkiwa njiani njuga huzibwa kwa majani ili wanyama wasisikie, mkifika, inazibuliwa. Zile mbili mzee aliziziba mwenyewe siku ya kukimbia, watu walipojificha vichakani. Tangu hapo hazikulia.

"Yaya, ile majani ni ya muti gani?" niliuliza, hata Baraka haijapotea nyuma yetu.

"Sijue."

"Nizibue kidogo, nisikie tu?"

"Ondosha mukono! Ile inazibuliwaka na mwenye aliziba. Ukizibua weye, mbwa itakufuata weye, na utaipeleka wapi? Hauna hata kitanda."

Shemeki akacheka, usukani ukamponyoka, boti ikazunguka yenyewe.

Tulikwenda hivyo, milima kushoto, rasi ya Ubwari kulia, kila dume alipotapika tukitia nanga kwenye mchanga ili apate nafuu. Tulioga. Tulikaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, jike akazila na moto wake. Wanawake waliokuwa wanafua walitupigia kelele: "Eeh! Mulikosa batu ya kubeba, munabeba mbwa?"

"Batu banasema mingi!" shemeki akajibu.

Sijawahi kuuona ule mwambao kwa utulivu namna ile. Miaka yote nilikuwa nimeupita nikikimbia.

Tulipofika kijiji cha Mboko, askari alituita ufukweni. Alichungulia chini ya sufuria, akawachungulia mbwa, nao wakamtazama kimya.

"Mbwa gani hazibweki? Ziliiba nini?"

"Chef, mukubwa yangu," shemeki akasema, "hizi zilijifunza kunyamaza wakati ya vita."

Askari akafikiri. "Basi ziko na akili kunipita." Akaingia majini na viatu vyake, akatusukumia boti.

Tulifika Swima siku ya Ijumaa. Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba isiyo na mlango, mzigo wake umeshafungwa: blanketi, sufuria, viatu, vyote vimezungushiwa mkuki wake ili abebe begani. Yaya alipiga magoti kumsalimu, kisha akawaita mbwa. Wakaja. Wakanusa miguu ya mzee. Dume akalala mchangani. Jike akageuka, akarudi botini, akakaa mahali pake.

"Hizi haziko zangu," mzee akasema. "Zangu zilikuwa kama kamba. Hizi ni mbwa ya bureau, ya kukaa kwa kiti."

"Baba, nimezilisha miaka yote hii."

"Ndiyo, naona. Umezilisha mpaka tumbo imefunika kichwa." Akatazama ziwa.

Yaya akainama, akampangusa dume mchanga masikioni. Na mimi, kwa kuwa kunyamaza hunishinda, nikauliza kile kilichokuwa kinaniwasha tangu Baraka.

"Muzee, ile majani ya kwa njuga, ni ya muti gani?"

"Majani gani?"

"Yenye uliziba."

Akanitazama, kisha akamtazama binti yake. "Hamukuzibua?"

"Nani angezibua, baba? Ni weye uliziba."

Mzee akasimama. Alishuka, akaingia majini hadi magotini, akainama juu ya pua ya boti, akatia kidole ndani ya njuga ya jike. Majani yalitoka yakiwa unga kama tumbako. Njuga ikagonga: ko, ko.

Masikio ya jike yalisimama. Alimtazama mzee kuanzia chini mpaka juu, akamlamba ule mkono wenye unga, akaruka nchi kavu. Dume naye akaja mwenyewe, shingo mbele, azibuliwe. Kisha wakaondoka wote wawili kati ya nyumba, kuelekea mlimani, ko-ko, ko-ko, watoto wakikimbia nyuma yao.

"Mukuki!" mzee akapiga kelele. "Mukuki yangu iko wapi?"

Ulikuwa ndani ya mzigo. Aliuchomoa kwa nguvu, kamba zikakatika, sufuria ikabingirika mpaka kwa jirani, na yeye akapanda mlima bila kuangalia nyuma. Yaya akaokota vitu kimoja kimoja, akaviingiza ndani. Blanketi akalitundika mlangoni.

Kesho yake boti ya wafanyabiashara ilipiga honi mara nyingi. Mzee alikuwa juu huko, tulisikia njuga. Shemeki akawapungia mkono waende zao.

Tukirudi Baraka, pua ya boti ilikuwa tupu, nikakaa mimi.

"Na ile majani," yaya akaniuliza, "alikuambia ni ya muti gani?"

"Hakujibu."

Alicheka mpaka Mboko.