Breki Zilizonukia Mandazi

Je, kukhu alijua? Miaka yote hii nimejiuliza. Swali hili hunirudia kila nipitapo penye karai la mandazi kando ya barabara, mafuta yakiwa yameanza kuungua. Kwa wengine hiyo ni harufu ya kiamsha kinywa. Kwangu ni harufu ya breki.

Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba, alifika Nakuru kwa treni akiwa bibi harusi, kwa kuwa babu alikuwa ameajiriwa katika reli. Babu alipofariki, hakurudi Kakamega. Alipanda mboga ya mrenda nyuma ya nyumba yetu, na kila chuma kilichokuwa chini ya mamlaka yake, kuanzia jembe hadi kisu cha mboga, alikipaka mafuta ya kupikia kutoka kwenye kibakuli kabla ya kukilaza. "Chuma kisichopakwa mafuta ni mtoto asiyeogeshwa," alipenda kusema. "Kitakuaibisha mbele ya wageni."

Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, mji wetu ulijaa moshi wa nyumba zilizochomwa na minong'ono. Baba, aliyekuwa mwalimu, aliamua tuondoke sote, twende Kakamega. Magari ya majirani yangesindikizwa na polisi asubuhi ya Jumamosi. Kukhu aliposikia, alisema jambo moja tu: "Nilikuja hapa kwa treni, polepole. Mbona kuondoka mnaniharakisha?" Godoro lake lilifungwa kwa kamba juu ya gari pamoja na yetu.

Shida ilikuwa gari lenyewe, steshenwagoni kuukuu ya buluu iliyopiga yowe kila iliposimamishwa. Diski za breki za mbele zilikuwa zimelika hadi zikachimbika mifereji ambayo kidole changu kiliweza kuihisi. Mtu mwenye akili hangeteremka nazo milima ya Timboroa iliyo njiani, na gereji zilikuwa zimefungwa. Basi Mzee Harjit, jirani yetu Msikh aliyeuza vipuri mjini, alituletea diski mpya na pedi za kuzibana, akiwa amezifunga kwa gazeti kama samaki.

Ijumaa hiyo baba aliliinua gari kwa jeki, akalikingia mawe, akang'oa magurudumu, akazigonga diski kuukuu kwa nyundo hadi zikaachia. Zile mpya alizifuta kwa petroli mpaka zikang'aa kama sinia za harusi. Alipokwisha kuzipachika pamoja na pedi, aliingia ndani kula, akayaacha magurudumu yameegemea ukuta. Kukhu alibaki nje na kibakuli chake.

Alasiri baba alirudisha magurudumu, akaketi kwenye usukani ili ajaribu breki kwenye kiteremko cha uwanjani. Nilikuwa nimesimama kando ya ua wa miiba wa kayaba.

"Wewe, toka hapo," kukhu aliniita. "Njoo unichambulie mboga."

Nilikwenda kwa kununa. Gari liliteremka, baba akakanyaga breki, nalo likaendelea na safari yake kwa utulivu mkubwa hadi likaingia kwenye kayaba, pale pale nilipokuwa. Baba alilirudisha, akajaribu tena na tena, akikanyaga kwa hasira, mpaka diski zikapata moto na uwanja mzima ukanukia mandazi.

"Mwalimu!" Mzee Harjit aliita kutoka langoni. "Hiyo ni breki ama unakaanga bhajia?"

Baba alishuka, akainama, akanusa. Kisha akamgeukia mamake.

"Mama, nani amegusa hizi diski?"

"Ni mimi. Chuma kipya hivyo, nikiache uchi?"

"Lakini breki haipakwi mafuta, mama."

"Haya, nimekosa. Mimi ni mzee."

Mzee Harjit alitikisa kichwa. "Pedi zimekunywa mafuta, Mwalimu. Tupa hizo. Kesho alfajiri nakuletea zingine, mtawahi msafara."

Baba alimtazama mamake. Kukhu alikuwa akichambua mrenda, jani moja moja, bila kuinua macho.

"Acha tu, Mzee Harjit," baba alisema. "Tunakaa."

Nilidhani tumebaki kwa sababu ya pedi. Nilikuwa chuo kikuu, kukhu ameshazikwa, nilipokuja kujua kwamba kazi ya babu katika reli ilikuwa breki. Ndiye aliyepita kando ya mabehewa kuhakikisha kwamba treni haiondoki kabla breki zake hazijajaribiwa, na kukhu alimpelekea chakula huko miaka nenda miaka rudi. Babu hakurudi kazini kabla ya kunawa mafuta ya chapati za kukhu kwa sabuni, yasije yakagusa breki. Nilimuuliza baba kama kukhu angeweza kusahau hayo. "Alikuwa mzee," alinijibu. Nikamkumbusha jinsi kukhu alivyoniita nitoke kwenye kayaba. Baba akaniuliza kama nimeshakula.

Labda alisahau kweli, na mwanawe akasikia ombi ambalo hakuwa amelitamka. Labda hakusahau. Ninachokielewa sasa ni kwamba baba alikua akizisikia habari za breki mezani, na alasiri ile alichagua kutouliza zaidi.

Asubuhi iliyofuata tulisikia honi za msafara ukipita barabarani. Baba alipanda juu ya gari, akafungua kamba, akalishusha godoro la kukhu kwanza. Kukhu alilipokea, akaliingiza ndani, kisha akachukua jembe lake, akalipangusa mafuta kwa pindo la leso, akaenda kupalilia mrenda.