Mguu wa tela uliomkosanisha Mama Miwani na shemeji yake

Saa mbili na robo asubuhi. Duka la vipuri halijamaliza hata kufagiwa, na tayari mwanamke mmoja amepiga magoti juu ya kipande cha boksi katikati ya sakafu. Mkono wa kushoto ameshika sumaku ndogo. Kwa mkono wa kulia anazungusha mpini wa chuma taratibu, sikio amelisogeza karibu na bomba kama mtu anayetegea maneno ya jirani ukutani.

"Mama, hiyo ni imara," anasema muuzaji kwa mara ya tatu.

"Imara ni neno tu," anajibu bila kuinua kichwa. "Nifungulie nione ndani."

Muuzaji anashusha pumzi na kwenda kutafuta spana.

Kinachochunguzwa ni mguu wa tela: bomba lenye gurudumu dogo chini na mpini wa kuzungushia juu. Tela likishafunguliwa kutoka kwenye gari, mguu huo ndio unaobeba pua yake, ile ncha ya mbele inayoshikana na gari, ndio unaoipandisha na kuishusha, na ndio unaoliwezesha kusukumwa hadi mahali pake. Kwa tela dogo la kubebea mchanga, mtu huchukua wowote unaoning'inia dukani akaondoka. Tela la mwanamke huyu ni nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko, kabati la vioo na mashine ya kusagia lenzi yenye kitako cha chuma, na kwenye mizani ya magari lilisoma kilo elfu moja mia tisa na arobaini.

Wateja wake humwita Mama Miwani. Ana miaka hamsini na miwili, na hili ni duka la tano analoingia ndani ya wiki mbili. Katika mawili ya kwanza aliombwa, kwa heshima kabisa, asirudi tena.

Hilo halimsumbui. Anasema kazi yake yenyewe imemfundisha kutoamini kinywa cha mtu.

"Mtu anakuja haoni, lakini ameshakariri herufi za ukutani akiwa kwenye foleni," anasimulia. "Anazitaja zote bila kukosea. Nikiugeuza ubao juu chini, kimya. Sasa huyo anajidanganya mwenyewe. Je, anayeniuzia chuma?"

Alianza kama mfagizi katika kliniki ya macho. Fundi wa lenzi wa pale alipogundua kwamba mfagizi huyo huokota vioo vilivyovunjika na kuvipanga kwa unene wake, alimwita akae kando ya mashine. Miaka sita baadaye alikuwa akisaga lenzi peke yake. Miaka kumi na moja iliyopita, yeye na mumewe walinunua tela kuukuu, wakalifanya chumba cha kulala na karakana kwa pamoja, wakaanza kuzunguka miji midogo isiyo na duka la miwani. Mume anaendesha gari na kupanga foleni, mke anapima na kusaga. Wiki nzuri, watu arobaini huondoka wakiwa na miwani mipya.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, wiki nzuri zilikoma.

Walikuwa wamefika kwenye uwanja wa shule, ardhi laini, saa tano mchana. Mume alilifungua tela kutoka kwenye gari, akaanza kulisukuma ligeukie kivulini. Gurudumu la mguu likazama kidogo, bomba likapinda, kisha likakatika. Pua ya tela ikamwangukia kwenye mguu wa kulia. Walimu wanane ndio walioinyanyua. Mifupa miwili ya unyayo ilivunjika, na kwa miezi minne hakuweza kukanyaga klachi. Mama Miwani akawa anapokea wateja uani mwa nyumba ya kupanga, wakizidi sana ni kumi na mmoja kwa wiki.

Lakini kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa kile kipande cha bomba alichokiokota uwanjani. Kilikuwa na rangi mbili. Juu kijivu cha kiwandani, chini yake kijivu kingine kilichopauka, na kati ya hizo mbili kovu la kuchomelea.

Mguu ule ulifungwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchomeleaji anayejulikana mtaani kwa jina la Cheche. Alikwenda kuununua mwenyewe na kuufunga mwenyewe, akasema ni mpya, umetoka kwenye boksi. Chuma kipya kinachomelewa kwa nini? Machale yakamcheza. Mpaka wanafika hospitali alikuwa ameshapata jibu lake: shemeji aliuza mguu mzuri, akafunga mkweche uliopakwa rangi.

Hakumwambia mtu. Alivifunga vile vipande kwenye gunia, akavificha chini ya kitanda cha tela. Cheche alipokuja kumjulia hali kaka yake, alimkaribisha vizuri, akamwekea chai, kisha akaanza maswali ya kuzungukazunguka. Duka lile liko wapi hasa? Boksi ulilitupa? Risiti je? Shemeji alijibu mawili ya kwanza. Kwa la tatu aliweka kikombe chini, akaaga. Hakurudi tena.

Kwa Mama Miwani, kuondoka kule kulikuwa ushahidi tosha. Shaka ikaanza kutambaa kila mahali. Akakagua kufuli la tela ambalo Cheche ndiye aliyelifunga. Akahesabu boliti za ekseli. Ikafika siku akaanza kumwangalia hata mumewe kwa jicho la pembeni, akijiuliza kama naye alijua na anamfichia ndugu yake.

Mumewe anakumbuka kipindi hicho bila kukuza mambo. Anasema nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Jioni moja mkewe alimweleza dhana yake yote, kuanzia rangi mpaka risiti. Alimsikiliza hadi mwisho, mguu wenye plasta ukiwa juu ya stuli.

"Huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja," alimjibu. "Kama unataka kumwita mwizi, mwite mbele yake. Usimwite hapa kwangu."

Hakumwita. Alichofanya ni kuapa kwamba mguu mwingine atauchagua yeye mwenyewe, na hakuna mkono wa mtu utakaougusa kabla ya wake. Kwa wakati huo mumewe alikuwa amepona. Wakarudi barabarani wakilisimamisha tela kwa jeki na magogo, kazi ya saa nzima kila walipofika mahali, yeye akiwa amesimama pembeni roho mkononi.

Kuchagua, anasema, kulianza na swali ambalo wauzaji wote waliliruka: pua ya tela ina uzito gani? Kila mmoja alimuuliza tela zima lina kilo ngapi, akatikisa kichwa, akamletea mguu mnene zaidi ukutani. Hakuna aliyejua kwamba matela mawili yenye uzito mmoja yanaweza kuwa na pua tofauti kabisa, kutegemea mzigo umekaa wapi.

Basi akaenda kwenye ghala la nafaka, akaomba mizani ya chini inayopimia magunia. Wakaishusha pua ya tela juu ya gogo lililowekwa kwenye mizani. Ikasoma mia mbili na kumi na nne. Hakuamini. Akapanda mizani yeye mwenyewe, akampandisha mumewe, akampandisha na karani wa ghala. Uzito wa kila mmoja ulitoka sawa na anaoujua. Akarudia. Mia mbili na kumi na nne.

Ndipo alipoutafuta mguu wa aina ileile ya zamani dukani, ukiwa bado ndani ya boksi lake. Ubavuni mwa boksi paliandikwa kwa tarakimu kubwa nyekundu: kilo mia tatu. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alitoa kioo chake cha kukuzia, kile anachotazamia mikwaruzo ya lenzi, akasoma mstari mwembamba uliokuwa chini, karibu na mahali pa kukunjia karatasi. Mia tatu, ulisema mstari ule, tela likiwa limesimama. Likisukumwa, mia na hamsini.

Alitoka nje kwenye gari, akamwambia mumewe alichokisoma, na akaongeza kwamba hata kama mguu ule ungekuwa halali, Cheche angekosea tu, maana pua ina zaidi ya mia mbili.

Mumewe akasema, "Alipoufunga haikuwa mia mbili. Alipima, nilikuwepo. Ilikuwa mia na thelathini. Tangi lilikuwa nyuma."

Mama Miwani anasema hapo ndipo alipolikumbuka tangi.

Mashine ya kusagia hunywa maji, na tangi la lita mia na ishirini lilikuwa limefungwa nyuma ya tela. Juma moja tu baada ya mguu kufungwa, yeye mwenyewe alimwita fundi bomba, akalihamishia tangi mbele kabisa ili apate nafasi ya kiti cha mteja. Mumewe alikuwa amesafiri. Aliporudi, alikuta kiti kipya kizuri, akakisifia, na hakuna aliyewaza habari za pua.

Siku hiyohiyo alilivuta lile gunia. Kwa miezi saba alikuwa ameyatazama yale makovu kwa macho matupu na hasira. Sasa aliyatazama kwa kioo, juani. Mshono wa kuchomelea ulikuwa mzima. Bomba lilikuwa limekatika upana wa kidole chini yake, kwenye chuma cha kiwandani. Cheche hakuwa ameunganisha vipande viwili. Alikuwa ameongeza pete ya chuma pale kibano kinapobana, kuliimarisha bomba, akapaka rangi aliyokuwa nayo.

"Nilitamani ningekuta ameniibia," anasema, na haangalii mtu anapolisema hilo. "Ningekuwa na pa kuiweka hasira yangu."

Kwenda karakana ya shemeji ilimchukua siku nne. Alimkuta amevaa kinyago, anachomelea geti. Alipomwona aliuzima moto, lakini kinyago hakukivua.

"Umekuja kupima nini, shemeji?" aliuliza.

Akamweleza yote: tangi, mizani, maandishi madogo, gunia chini ya kitanda. Akamwomba radhi. Cheche alisikiliza huku akigongagonga mabaki ya chuma kwa nyundo ndogo. Alipomaliza, alikivua kinyago.

"Ungeniambia tu kwamba mimi mwizi, ningekuonyesha risiti," alisema. "Ile chai yako ndiyo iliyonichoma. Ulinikaribisha kama ndugu, kumbe unanihoji."

Hakumwambia amemsamehe. Alimuuliza tu kama tangi bado liko mbele. Aliposikia liko, alichukua chaki, akamchorea sakafuni lilipo ekseli na linapopaswa kukaa tangi, kisha akawasha moto wake.

Ndiyo maana leo, dukani, Mama Miwani hahangaiki kutafuta mguu mnene kuliko yote. Tangi limesharudi, safari hii juu ya ekseli, na pua inasoma mia na hamsini na tano. Anataka mguu unaobeba angalau mara mbili ya hapo ukiwa unasukumwa. Anataka gurudumu pana la mpira mzito, kwa sababu viwanja vya shule ni mchanga. Anataka sumaku ishike kila mahali palipo na mzigo, maana katika duka la tatu ilidondoka kwenye kitovu cha gurudumu, na kumbe kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha.

Muuzaji amekwisha kuufungua. Parafujo la ndani ni nene, limepakwa grisi, halichezi. Kwenye boksi, maandishi madogo yanasema mia tatu na hamsini ukisukumwa. Mama Miwani anasimama, anajipangusa magoti, na kwa kalamu anayotumia kuwekea alama lenzi anagusa chini ya kibano. Nukta moja ya njano, ndogo kama chembe ya uwele.

"Nifungie huu."

Muuzaji anauchukua, anaingia nao stoo, anarudi na boksi lililofungwa kwa utepe. Mama Miwani analipasua palepale. Anautoa mguu, anaugeuza. Nukta haipo.

"Ni aina ileile, mama," anasema muuzaji. "Ule ni wa maonyesho."

"Nataka huohuo wa maonyesho."

Pengine ni kweli, pengine si kweli. Muuzaji anarudi stoo, na safari hii anakuja na wenye nukta, hauna boksi. Mama Miwani anaubeba begani hadi kwenye gari kama mtu aliyebeba mtoto.

Nje anaeleza mpango wake. Mwezi ujao anataka kufika kwenye shule za uwandani, tano kwa mkupuo mmoja, ambako walimu wamemwandikia kwamba kuna watoto wanaokaa sakafuni mbele ya ubao ili waone. Mguu huu utafungwa na Cheche. Amekubali, kwa sharti kwamba shemeji yake asisimame nyuma yake akimchungulia.

Amemwomba pia jambo jingine: aandamane nao safari ya kwanza, alione tela likisukumwa kwenye mchanga mara mbili tatu, na yeye mwenyewe apimwe macho, kwani miaka ishirini ya kutazama cheche si mchezo.

"Hajajibu ndiyo wala hapana," anasema Mama Miwani, akiufunga mlango wa gari na kuujaribu tena kama kweli umefungika. "Ila jana alimpigia kaka yake simu. Alikuwa anauliza tunaondoka siku gani."