Kisima Alichochora Zaituni

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Ulemo, mwanangu, na mpaka leo nikipita shule yenye uwanja wa udongo mwekundu nasimama kidogo kwa ajili yake. Nimezunguka sana, toka Sekenke hadi miji ambayo siku hizi hata majina yake nayachanganya, lakini kitu kama kile sijakiona tena.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi tu. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena, na kila kijana mwenye nguvu alikuwa na furushi lake la mitumba begani. Nami nilikuwa nalo. Pale Ulemo nilifikia kwa shangazi yangu, mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa kuwa mnada ulikuwa kesho yake, nilimfuata shuleni kupoteza muda.

Watoto hawakuwa ndani. Shangazi alikuwa amewakalisha uwanjani, kila mmoja na kijiti chake, wanachora chini. Mmoja tu, Zaituni, alishika kijiti bila kukitumia. Tangu shule ifunguliwe, shangazi aliniambia, mtoto yule hajaandika hata herufi moja. Anatazama tu.

Ndipo babu yake akaja, kofia kichwani, fimbo mkononi, miguu imejaa vumbi.

“Shikamoo, babu,” alisema shangazi.

“Marahaba, mwalimu. Nimemfuata mjukuu wangu.”

“Kuna msiba?”

“Hakuna. Kaka zake wamekwenda kuchimba dhahabu, mbuzi hawana mtu. Na huyu nasikia kazi yake hapa ni kutazama. Hata mbuzi wanatazama, mwalimu, na siwalipii mchango.”

Watoto wakacheka. Zaituni akainamisha kichwa.

Shangazi hakubishana. Aliomba amuulize mtoto kitu kimoja kabla hajaondoka. Akachuchumaa, akakiweka Kiswahili pembeni, akamuuliza kwa Kinyiramba, lugha ya nyumbani kwao: leo asubuhi umepita wapi mpaka ukafika hapa?

Mtoto akasita. Nikamwonea huruma. Nikainama, nikamshika mkono wenye kijiti, nimwongoze aandike japo herufi moja, babu aone.

“Toa mkono wako,” shangazi aliniambia taratibu, bila kunitazama. “Ukiandika wewe, yeye atakuwa amefikiri nini?”

Nikautoa. Tukangoja. Babu akaihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akakohoa, na mimi nikajua basi, mtoto anaondoka. Kisha kijiti kikagusa udongo. Mstari mrefu ukatokea, ukapinda. Likaja duara. Yakaja mawe makubwa, moja limekaa juu ya mengine. Vikaja vialama vidogo vingi kando ya mstari. Zaituni hakuinua kichwa. Alikuwa anatembea, mwanangu. Amekaa palepale na anaitembea njia nzima.

Babu akasogea. Akaielekeza ncha ya fimbo juu ya lile duara, asiliguse.

“Hiki kisima chetu,” alisema. Fimbo ikaufuata mstari. “Haya mawe ya kwa Mkumbo. Hawa mbuzi.” Fimbo ikasimama. “Na huyu mbona yuko peke yake huku?”

Zaituni akajibu kwa Kinyiramba, kwa sauti ndogo. Yule mbuzi yuko nyuma ya mawe, anachechemea. Zaituni alimwona asubuhi alipokuwa akija shule.

Mzee alikuwa akimtafuta mbuzi huyo tangu jana yake.

Hakuwahi kukaa darasani, babu yule. Lakini habari ilikuwa imewekwa chini na mtoto, naye alikuwa ameisoma. Nadhani alilitambua hilo kabla yetu, maana alivua kofia.

Shangazi akachora herufi moja kando ya mchoro. “Jina lako linaanza hivi,” alimwambia mtoto. Zaituni akaiiga, ikatoka imepinda. Akaiandika tena.

“Mbuzi nitamfuata mwenyewe,” babu alisema. “Huyu mwacheni.” Njia yake ya kurudi ilikatiza katikati ya uwanja. Hakuifuata. Alizunguka mbali, pembeni kabisa, asije akakanyaga ule mchoro.

Basi wewe, mwanangu, unayempeleka mtoto wako darasa la kwanza, au uliyekabidhiwa darasa zima, usiukimbilie mkono wake. Anza na alichokiona. Muulize kwa lugha anayoiota usingizini. Akisita, ngoja, hata kama watu wazima wamesimama juu yenu na fimbo zao. Herufi mpe akiwa tayari ana jambo la kusema. Na atakachokichora, kisome mbele yake kwa sauti, kama habari iliyokufikia kutoka mbali, maana ndivyo ilivyo.

Mungu akupe subira ya kungoja mpaka kijiti kiguse udongo. Na akujalie siku moja nawe uzunguke uwanja mzima, kofia mkononi, kwa kuogopa kukanyaga alichokiandika mtoto.