Mama Volti hauzi chaja mpaka usome

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa chaja ameinamia meza yake isiyozidi upana wa mlango. Mkononi ana rangi ya kucha. Anapaka nukta nyekundu kwenye chaja za volti kumi na tisa, ya kijani kwenye za ishirini, ya buluu kwenye za kumi na mbili. Kucha zake mwenyewe hazina hata tone.

"Wateja wananiita Mama Volti," anasema. "Zamani walikuwa wananiita Mama Msumbufu."

Usumbufu wenyewe ni huu: hamuuzii mtu chaja mpaka ageuze kompyuta yake na kusoma kwa sauti maandishi ya tumboni. Ukimwambia "nipe tu inayoingia", umechokoza nyuki. Mhadhiri mmoja alisomeshwa mbele ya foleni kama mtoto wa darasa la kwanza, na akakosea, akaambiwa arudie.

Ukali huo una chanzo. Miaka sita iliyopita kaka yake, mfasiri wa vitabu, alimwachia kompyuta yake aichaji. Ilitaka volti kumi na mbili, naye akachomeka chaja ya kumi na tisa.

"Tundu lilikubali, nikadhani na mashine imekubali," anasema, sauti ikishuka. "Nilisikia harufu kabla sijaona moshi."

Tafsiri ya miezi minane ilikuwa humo, na haikuokolewa.

Kaka hakugombana naye. Huja kwake, hula, huwatania wapwa zake. Ila mashine zake huzipeleka kwa fundi mwingine, na jambo hilo linamuuma dada mtu kuliko matusi.

"Watu baki wananiamini," anasema. "Niliyenyonya naye ziwa moja ananikwepa. Nifanyeje?"

Kabla hajajibiwa, kaka huyohuyo anatokea, begi kwapani. Chaja yake imekufa, kazi inatakiwa saa sita mchana, na fundi wake amesafiri.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usinicheke."

"Sicheki. Soma."

Kaka anavaa miwani, anageuza mashine. "Volti kumi na tisa. Ampea tatu nukta nne."

Mama Volti anachukua chaja ya nukta nyekundu. Kaka anaisoma nayo, uso unabadilika. "Hii ina ampea nne nukta saba. Unataka kuniunguzia tena?"

Neno hilo limemchoma fundi, lakini anajibu taratibu.

"Volti ndizo lazima zilingane. Ampea zikipungua, chaja inaelemewa, inapata moto. Zikizidi hakuna neno, mashine inachota kiasi chake tu. Kwani wewe ukikuta sufuria kubwa unamaliza chakula chote?"

"Unanijua."

"Basi mashine ina adabu kukushinda."

Kaka anacheka, mara ya kwanza tangu afike. Mama Volti analinganisha mchoro wa ncha kwenye chaja na ule wa kwenye mashine: yote miwili inaonyesha upande chanya wa umeme uko katikati. Anapima kwa mita, anamgeuzia asome mwenyewe: kumi na tisa nukta moja. Ndipo anachomeka. Taa inawaka. Kwa dakika kumi kiganja chake hakitoki juu ya chaja, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Kaka anatazama taa, anamtazama dada yake. Kisha anasimama.

"Nakwenda kunywa chai," anasema. "Baki nayo."

Anaondoka bila kugeuka nyuma.

Mama Volti anapangusa macho kwa mgongo wa mkono, wala hajifichi. Baadaye anasimulia mpango wake: mwakani anataka kupanga chumba kikubwa zaidi, awafundishe mabinti kazi hii. Anapoulizwa kama hilo ndilo tumaini lake kubwa, anatikisa kichwa.

"Hilo ni la mwakani," anasema, kiganja kikirudi kwenye chaja. "Leo nataka arudi akute imejaa."